Kitambaa cha Perchuhi

Kila mwisho wa wiki, katika soko la Vernisaj pale Yerevan, mji mkuu wa Armenia, Shogher aliwaambia wateja maneno yale yale: "Lesi yetu hufungwa kwa sindano, fundo juu ya fundo. Hata ukiikata kwa mkasi, haifumuki." Mkasi wenyewe ulining'inia pale mezani kwa kamba, na haukuwahi kukata chochote zaidi ya uzi. Shogher, pamoja na domo lake lote, hakuwahi kujaribu. Nani akate kazi ya miezi ili kumfurahisha mtalii?

Nyuma yake alitundika kitambaa cha meza cha marehemu mama yake, Perchuhi. Hakikuwa cha kuuza. Kilikuwa kikubwa, weupe wake umeanza kugeuka rangi ya maziwa, na katikati kilipitiwa na mstari wa mafundo mazito ambao Shogher aliuita "mto". "Pambo la mama," alijigamba. "Hakuna mwingine aliyelijua." Watu walivutwa na hicho, wakaondoka na vitambaa vidogo alivyofuma yeye. Biashara ni biashara.

Jumamosi moja akaja Nvard.

Nvard ndiye mdogo wake, aliyeolewa mji wa Gyumri. Hawakuwa wamesemeshana tangu arobaini ya mama yao, walipogombania kitambaa hicho mbele ya wageni, chakula cha msiba kikiwa bado mezani. Shogher alisema ni chake kwa sababu yeye ndiye aliyemuuguza mama. Nvard alisema mama alimwahidi yeye. Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililoharibu kabisa.

"Dada," Nvard alianza bila hata salamu, "Jumamosi ijayo wanakuja kumvisha pete binti yangu Zarmine. Nakitaka kitambaa cha mama kiwe mezani."

"Kikienda Gyumri hakirudi."

"Kwani ni mbuzi, kitapotea njia?"

"Nakujua wewe. Sufuria yangu ya shaba iko wapi? Si uliazima ukapikie jemu?"

"Mimi angalau sufuria naipikia. Wewe mama umemtundika barabarani kama chambo."

Neno hilo lilimchoma Shogher, maana lilikuwa na ukweli ndani yake. Gurgen, jirani yake pale sokoni, muuza mbao za mchezo wa nardi, alikuwa anasikia yote. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Basi Gurgen akaanza kupanga upya mbao zake, ambazo zilikuwa zimeshapangwa vizuri.

"Basi chukua nusu!" Shogher akafoka. "Kata nusu yako uende nayo!"

Alisema tu, kama watu wanavyosema. Lakini Nvard hakuwa mtu wa kutishiwa tangu utotoni. Akakishusha kitambaa, akakikunja katikati, akauvuta mkasi pamoja na kamba yake.

"Si hakifumuki? Kutwa nzima unawaambia Warusi."

"Nvard, koma!"

Akakata. Mwanamke aliyekuwa akichagua hereni za fedha alijiziba mdomo. Gurgen alisema, "Mama yangu wee." Nvard alipomaliza alikuwa analia, lakini aliikunja nusu yake, akaitia kwenye mkoba na kwenda zake.

Kesho yake Shogher hakwenda sokoni. Alikaa dirishani, nusu ya kitambaa mapajani, akingoja uzi uchomoke. Akauvuta huku, akauvuta kule. Haukuchomoka. Badala ya kufurahi alilia kwa uchungu, kwa sababu kingefumuka angalau angepata kumlaumu Nvard vizuri.

Hapo ndipo alipoutazama ule "mto" kwa karibu. Mkasi ulikuwa umepita pembeni yake, ukauacha mzima upande wa Shogher. Akavaa miwani. Halikuwa pambo. Chini ya mafundo mazito kulikuwa na kingo mbili za zamani zilizokatwa kwa mkasi, zikaunganishwa tena. Na mafundo yenyewe hayakuwa ya mkono mmoja. Kutoka ncha moja hadi katikati yalikazwa, kama alivyokaza mama. Kutoka ncha ya pili yalilegea, na mtu mmoja tu katika ukoo alifunga vile: mama mkubwa Heghnar, dada yake mama, ambaye mama hakuacha kumcheka kwa mkono wake mlegevu.

Shogher alijua kwamba zamani, kabla wao hawajazaliwa, mama na Heghnar walinuniana miaka mingi. Yeye na Nvard walipomuuliza mama walipatanaje, alijibu tu, "Tulikaa tukafuma." Wakadhani anawakwepa.

"Si ungesema, mama?" Shogher alinong'ona. Kisha akajijibu mwenyewe: na wangesikia?

Jumamosi akapanda treni ya Gyumri. Nvard alifungua mlango, mikono imejaa unga.

"Umekuja kula au umekuja kugombana?"

"Nimekuja na sindano. Lete nusu yako."

Akamwonyesha mstari. Nvard aliupapasa kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia tena, kisha akakaa chini taratibu.

"Haya ni ya mama mkubwa Heghnar," alisema.

"Ndiyo."

Walikaa goti kwa goti, maana kazi yenyewe haikuruhusu kukaa mbali. Mmoja alianza ncha hii, mwingine ncha ile.

"Dada, unakaza mno. Unakinyonga?"

"Na wewe unalegeza. Sufuria yangu iko wapi?"

"Jikoni, ina tolma. Wageni wakishakula, uondoke nayo."

Wageni walipobisha hodi, ilibaki nafasi ya kiganja katikati. Zarmine akasema sasa basi, akakitandika hivyo hivyo, akaiziba nafasi kwa sahani ya pete. Shogher na Nvard walimalizia kesho yake asubuhi, na hakuna aliyetaja kitambaa kirudi Yerevan.

Wiki iliyofuata, nyuma ya Shogher palikuwa patupu na wateja walipungua. Mama mmoja Mrusi akaokota kitambaa kidogo, akakinyoosha.

"Na ni kweli lesi hii haifumuki ukiikata?"

Gurgen akainua kichwa kutoka kwenye mbao zake.

"Haifumuki," Shogher alisema. "Tumeshaikata mara mbili."