Vitambaa vya Makochi Yasiyokuwepo

Jumamosi asubuhi Kokuberwa alikoroga wanga wa muhogo mpaka ukawa mwepesi kama uji wa mgonjwa, akachovya vitambaa alivyovifuma kwa mkono: cha mgongoni, viwili vya kuegemezea mikono, kirefu cha kukalia. Sebuleni kwake Mabatini hakukuwa na kochi hata moja.

Makochi yalitolewa nje siku ya msiba wa mumewe, Rwehumbiza, kama inavyofanywa kila msiba, ili waombolezaji wapate pa kutandika mikeka. Huko nje yakapakiwa kwenye Fuso. Shemeji yake, Projest, alisema anayahifadhi yasinyeshewe. Matanga yakaisha, masika yakaisha, makochi yakabaki Nyakato kwa Projest, naye akiyakalia. Eti kuhifadhi!

"Sasa unafumia makochi ya nani?" jirani yake Dorotea alimuuliza.

"Ya kwangu."

Kufuma alifundishwa na mama yake kule Bukoba, enzi ambazo hata redio ilikuwa na kitambaa chake. Alivitandaza vitambaa vibichi hewani, pale kochi kubwa lilipokaa zamani, akavuta pembe zikawa sawa. Vikakaa. Vilipokauka vilikuwa na mgongo, na mikono, na kale kabonde ka upande wa kushoto ambako Rwehumbiza alizoea kusikilizia taarifa ya habari. Dorotea akajaribu upande wa kulia.

"Hapa kati panabonyea," alisema. "Ongeza wanga."

Kokuberwa akaongeza.

Wiki hiyo, kule Nyakato, kila aliyekalia makochi ya marehemu alijikuta sakafuni, na mbao na sponji ziko palepale anaziona. Projest akaja Mabatini akiwa ameshika kiuno.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Projest alikaa kwenye vitambaa, akapumua kwa raha. "Ukoo umekaa. Nyumba imepata mteja. Wewe urudi kwenu."

"Mawe ya msingi wa nyumba hii niliyabeba kwa kichwa hiki."

"Ulikuja kuolewa tu."

Hasira zilimpanda Kokuberwa. Lakini hakulia. Alikuwa ameshalia vya kutosha, tena mbele ya watu hawahawa.

"Nyumba chukueni," alisema. "Mimi sihami."

Akaanza na mlango. Akafuma na madirisha, maua yakiwa pembeni, kisha ukuta wa jikoni. Wanawake wa mtaa walipoona kazi inamzidi, kila mmoja alifumia kwake jioni, mmoja chumba, mwingine kipande cha paa, na wanga wakauchemsha kwenye sufuria lilelile la msiba. Nyumba yote ikavikwa kwa nje, kuanzia msingi.

Mteja alitaka kiwanja tu, ajenge gesti. Tingatinga likaja, matofali yakaanguka, mabati yakakunjwa, vifusi vikazolewa. Vitambaa vikabaki vimesimama, na Kokuberwa yumo ndani anachagua mchele. Dereva alisema yeye ametumwa kubomoa nyumba, na nyumba ameshaibomoa, akaondoka zake.

Upepo wa ziwani sasa unapita kwenye matundu ya ukuta, na mvua nayo inapita. Hati ya kiwanja imeandikwa jina la mteja. Ukoo haujakaa tena, kwa kuwa unasema ulishakaa. Makochi yako Nyakato na hayakaliki.

Ndiyo maana Projest huja kila Jumapili akitoka kanisani, kupumzisha kiuno.

"Hodi. Shemeji, utaondoka lini lakini?"

"Uzi ukiisha."

Dorotea yuko mlangoni, ametoka dukani, kapu limejaa uzi kichwani.

"Karibu ukae," Kokuberwa humwambia Projest, bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Ila vua viatu. Na upande wa kushoto usikalie, pana mwenyewe."

Projest huvua viatu, akakaa kulia.