Maji Yaliyolala Chumba cha Tisa

Fundi bomba wa hospitali alikuwa kalazwa humohumo alimofanyia kazi, homa juu, kifua kinambana, na siku nzima alisubiri jambo moja tu: sauti ya binti wa mwalimu. Mwalimu mstaafu ndiye aliyekuwa kitanda cha jirani, naye anakohoa vilevile. Binti akija kumlisha baba yake, hakumruka fundi.

"Baba mdogo, leo umekunywa hata chai?"

Baba mdogo! Mtu asiye na mtoto wala ndugu, mke kamzika mwaka jana, kuitwa hivyo ni kupewa ukoo bure.

Asubuhi hiyo daktari alileta majibu ya maabara. "Nyote wawili mna lejionela. Ni kijidudu kinachozaliana kwenye maji yaliyolala bombani, mtu anakivuta na rasharasha za bafu. Fundi, mapafu yako yameumia, na figo zimeanza kugoma. Mwalimu alikuja kwa upasuaji tu, akalazwa kwanza chumba cha tisa. Fundi, kilipokuwa kimefungwa, bomba zake ulikuwa unazifungulia?"

"Kila wiki," fundi akajibu. Ulimi hauna mfupa.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kila Jumatatu afungulie bomba za vyumba visivyotumika, maji yakimbie dakika tano, kisha atie alama kwenye fomu. Vyote alivifungulia isipokuwa cha tisa, kwa sababu humo ndimo mkewe alimokata roho. Akifika mlangoni miguu ilimwia mizito, basi alitia alama palepale koridoni, akaenda zake. Miezi mitano hiyo. Chumba kilipofunguliwa tena alijikaza akaingia kutengeneza bafu, maji yakamrukia usoni, akajifuta.

Sasa roho ilimuuma. Akisema, binti atamwona muuaji. Akinyamaza, mgonjwa mwingine ataingizwa humo leo; aliwasikia wauguzi wakizungumzia kutandika. Na jana homa ilimpanda hadi akaongea na marehemu mkewe, kwa hiyo kesho akili huenda isiwepo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kingewachukua hata wasiohusika.

Mchana binti alipofika, akamwambia, "Mwanangu, niitie daktari. Na wewe ukae usikie."

Akasema yote, pumzi ikimkatika. Daktari alitoka mbio kwenda kukifunga chumba. Binti akabaki amesimama, kijiko mkononi.

"Baba kafundisha miaka thelathini," akasema taratibu, "hajawahi kumtilia mtoto alama ya uongo."

Akakaa kwa baba yake, akampa fundi mgongo. Upweke wa mwaka mzima haukuwahi kumuuma fundi kama mgongo ule.

Jioni muuguzi akaja na fomu ya mashine ya kusafisha damu. "Ndugu wa karibu niandike nani? Huyu binti si mtoto wa kaka yako?"

Fundi akamtazama binti. Hakugeuka.

"Hapana," akasema. "Andika sina."