Cheche za Mwanafatuma

Kwao Munje, kando ya bahari, Mwanafatuma alilivaa gauni lake la nailoni bila ya taabu yoyote. Lakini mwaka ule baada ya uhuru, alipoolewa Kinango na mwalimu Chome, alikuta kiangazi kimekausha hata mate mdomoni. Kila alipolivua, gauni lilitatarika kama chumvi motoni. Akigusa sufuria, cheche humrukia kidoleni.

Siku alipompakata mtoto mchanga wa Sidi, wifi yake, cheche ilimpiga mtoto shavuni, akapiga ukelele. Juma lile lile homa ikamshika, akafa.

"Umetuletea jini la pwani," alisema Mbodze, mama mkwe. Tangu hapo hakuna aliyepokea chakula mkononi mwake.

"Ni umeme, mama," Chome alimsihi. "Vitu viwili vikisuguana penye ukavu huzaa umeme. Mtaona wenyewe."

Akafunga chupa kwenye gurudumu la cherehani, akaibana kwa kitambaa cha hariri. Alipoizungusha, cheche ya samawati iliruka kutoka kwenye chupa hadi kwenye msumari. Mwanafatuma alilia kwa furaha. Majirani wakaalikwa Jumamosi.

Alfajiri ya Jumamosi ikanyesha mvua iliyoombewa msikitini na kayani, kwenye msitu wa matambiko ya wazee. Watu walikuja wamelowa, wanacheka. Chome alizungusha gurudumu hadi jasho likamtiririka. Hapakuwa na kitu.

"Ni unyevu," alisema. "Unyevu huuondoa umeme."

"Au jini mwenyewe amekataa kuonekana," alisema Mbodze. Hakusema kwa ukali. Alikuwa akimtazama Sidi, aliyeinamisha kichwa.

Mwanafatuma alisimama, akamnyooshea mumewe mkono mbele ya watu. "Basi nishike, mume wangu. Nao waone."

Chome aliutazama mkono ule. Somo lake alilijua neno kwa neno, lakini vidole vyake vilisita juu ya gurudumu. Alipovinyanyua, kila mtu alikuwa ameshaona, na Mwanafatuma alikwisha kuuteremsha mkono wake.

Akarudi kwao kabla matope hayajakauka. Chome alimfuata, akaamkia, akaketi barazani na mkwewe, Mzee Zahoro, akaeleza upya habari za ukavu na unyevu.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamkaribisha kahawa.

"Mwanangu hayo anayafahamu," alisema. "Hakuondoka kwa sababu ya umeme."