Foklifti Juu ya Matofali

Mpwa wangu alisomea kuendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, miezi sita, na katika miezi sita hiyo foklifti haikusogea hata inchi moja.

Sikusimuliwa, niliona. Nilikuwa nimerudi kutoka huko nilikokuwa, maana mimi sina tabia ya kukaa mahali nikaota mizizi, na marehemu dada yangu aliniachia mlango mmoja tu wa kubisha hodi: wa binti yake. Binti huyo alikuwa ameacha kazi ya kufua mashuka hotelini ili akapate ujuzi, na hotelini nafasi yake walishampa mwingine. Siku moja akasahau funguo za nyumba, nikamfuata nazo kituo cha mafunzo. Nikalikuta dude limeng'arishwa kama bibi harusi, limekalishwa juu ya matofali ya saruji, magurudumu yananing'inia. Mpwa wangu yuko kitini, mikono kwenye usukani, anakata kona ambayo haipo. Wenzake wamesimama chini, wanaandika.

Nikamuuliza mkufunzi inashuka lini. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba mashine ni ya wafadhili, ikikwaruzwa ni kesi, na isitoshe dizeli haimo kwenye bajeti. Kikubwa ni nadharia, mzee wangu. Nikasema basi siku hizi hata kuogelea kunafundishwa kitandani. Akacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Ikafika siku ya maonyesho ya ajira. Waajiri wamealikwa, wahitimu wamealikwa, ukumbi umepambwa, kipaza sauti kinakwaruza masikio. Mpwa wangu alipiga pasi shati lake mara mbili. Tukazunguka meza kwa meza. Kila meza ina kitambaa, kalamu za bure na kijana mwenye tabasamu, na kila kijana anasema lilelile: tuma maombi kwenye mtandao. Kama ni mtandao, nikamwambia mpwa wangu, viatu tumevaa vya nini? Akaniminya mkono ninyamaze.

Meza moja tu ndiyo ilikuwa na kazi ya kweli. Ghala la saruji lilitaka madereva wawili wa kuanza wiki ileile. Msimamizi wake, mama mmoja wa sauti kavu, hakuweka kitambaa wala kalamu. Alikuwa ameleta foklifti yake, akaiegesha nje uwanjani mbele ya turubai za vituo vya mafunzo. Vyeti hakuvitazama. Alichotaka ni uipande mashine, unyanyue mzigo ule, ugeuke, uurudishe.

Mpwa wangu akatangulia. Akafunga mkanda, akatazama nyuma, akapiga honi, yote kwa mpangilio, hata wenzake wakaanza kupiga makofi. Alipoiwasha nikamwona ameshtuka kidogo. Nadhani ni ule mtetemo. Akaenda moja kwa moja, akanyanyua mzigo vizuri. Kisha akageuka.

Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma. Ukipinda kulia, tako linatupwa kushoto. Jambo hilo alikuwa ameliandika, na kwenye mtihani alilipata. Lakini mwili wake ulikuwa haujalipata. Tako likafagia turubai ya kituo chake mwenyewe: bango chini, meza imepinduka, chupa za maji zinabingirika, na mkufunzi akaruka kiti kwa wepesi ambao sikumdhania.

Msimamizi akafika, akazima injini. "Mwanangu, nani kakufundisha?"

Mpwa wangu akaelekeza kidole kwenye meza iliyolala chali. "Hao niliowagonga."

Watu wakacheka. Yule mama hakucheka. "Umeshaendesha mara ngapi?"

"Hii ndiyo mara ya kwanza, mama. Yetu iko juu ya matofali."

Basi. Msimamizi akatangaza kwamba wa kituo kile wasijisumbue kupanga foleni. Madereva wake akawapata kwingine kabla jua halijakaza. Wenzake mpwa wangu, waliokuwa wakimpigia makofi, sasa hawamtazami. Mmoja waliyemwita Bosi, kwa kuwa alikuja darasani na tai kila siku ya Mungu, ndiye aliyemsogelea. "Dada, ungegonga ukanyamaza," akamwambia. "Mdomo wako ndio umetuponza."

Njaa yake haikuwa na kosa.

Asubuhi iliyofuata mpwa wangu akaenda mpaka lango la ghala, akaomba hata kufagia, mradi jioni wamwachie mashine ajifunze. Jibu likaletwa na mlinzi: sisi hatufundishi, tunachukua waliofundishwa. Na waliofundishwa wanatoka wapi? Vituoni. Na vituoni? Kuku na yai, na sisi katikati tunaatamia hewa.

Halafu mkufunzi akaja nyumbani, mpole vilevile. Ripoti ya maonyesho inataka jina la mtu aliyepata kazi, na kituo kilikuwa hakina hata mmoja. Kwa hiyo wamemtafutia: awe mkufunzi msaidizi wa foklifti. Mpwa wangu akauliza swali moja tu, kama itashushwa. Mkufunzi akasema mambo huenda taratibu.

Akakubali. Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia anakwenda kuwauzia wengine upepo aliouziwa yeye.

"Mjomba, wewe ukichoka unahama," akasema. "Mimi nihamie wapi?"



Siku yake ya kwanza kazini akamtuma mtoto wa jirani: mjomba aazime jeki ya lori kwa fundi pancha, aje nayo. Nilipofika, wanafunzi wapya walikuwa wameizunguka foklifti, daftari mkononi. Akawaambia waweke daftari chini. Tukapiga jeki, tukachomoa tofali moja, tukahamia jingine. Mlinzi wa kituo akatuuliza nani ameruhusu, asijibiwe, akaondoka mbio na simu sikioni.

Ilipokanyaga chini, mpwa wangu akapanda, akazungusha ufunguo. Kimya. Akarudia. Betri ilikuwa imekufa kwa kukaa, na tangi ni kavu kama koo langu. Akaegemeza paji la uso kwenye usukani, nikadhani analia.

Akanyanyua kichwa. "Sukumeni."

Tukasukuma, mimi na wanafunzi wote, mabega kwenye chuma, viatu vinateleza. Haikwenda. Tukasukuma tena, magurudumu yakakwaruza, ikasogea. Mkufunzi akatokea langoni akipunga mikono. Mpwa wangu akakata usukani kulia, tako likaja kushoto, polepole, likitufuata sisi wenyewe tuliokuwa tukilisukuma.

"Mmeliona?" akawauliza. "Tena."