Maziwa ya Gauni

Kila asubuhi saa tano, Umuhoza akipangusa vioo katika chumba cha mavazi ya kale cha jumba moja la makumbusho mjini Louisville, Marekani, gauni la hariri la zama za Malkia Viktoria lilitoa maziwa. Yalilowesha kifua, yakateremka kwenye mikunjo ya sketi, yakadondoka sakafuni. Saa hiyohiyo, nyumbani kwao mtaa wa Beechmont, mwanawe Cyubahiro alikuwa anaamka na kulia.

Umuhoza alirudi kazini mtoto shingo haijakaza. Breki, yale mapumziko ya kazini, ilikuwa ya kula tu, si ya kukamua, na kifua chake kilikuwa kimeanza kukauka. Maziwa ya kopo mtoto aliyatema.

Mtu mwingine angechukua tambara. Lakini Umuhoza ni wa watu wa ng'ombe, wa milima ya Kivu ya Kusini, na kwao maziwa hayamwagwi wala hayapanguswi kwa tambara la sakafu. Ni kumtukana aliyeyatoa. Akakinga kikombe chake cha chai. Jamani, kosa lake lilianzia hapo.

Nyumbani, mama mkwe wake, Nyiramahirwe, alinusa kikombe, akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya gauni, mama."

"Gauni iko na mtoto?"

"Sijuwe."

Nyiramahirwe akaonja, akangoja hadi jioni aone kama tumbo litamuuma. Halikumuuma. Ndipo akampa mjukuu. Mtoto akanenepa hadi mapaja yakafanya mikunjo. Kanisani wanawake wakanong'ona: mama amekonda, mtoto amenona, lisemwalo lipo.

Kazini nako walikuwa wanamchunga. Msimamizi wake, Leonardi, Mrundi mwenye funguo nyingi kiunoni, aliona doa kwenye kifua cha gauni. Akafungua mkoba wa Umuhoza, akatoa kikombe kilichofunikwa.

"Dada, unalivaa gauni la watu?"

"Bon, papa Leonardi, hii mwili yangu itaingia wapi? Kiuno yake ni kama shingo ya kibuyu!"

"Basi unalikamulia."

"Ningekuwa na ya kukamua, ningepatia mtoto wangu!"

Wakatazama picha za kamera. Gauni lilionekana likivuja lenyewe. Mtunzaji wa mavazi, mama wa Kizungu mpole, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bati linavuja. Alieleza, Leonardi akitafsiri, kwamba bibi mwenye gauni alizaa watoto saba na hakumnyonyesha hata mmoja. Aliyewanyonyesha ni mtumishi wake.

"Na mtoto wa mtumishi?" Umuhoza akauliza.

"Huyo hatumjui."

Hakufukuzwa. Ila iliamuliwa kwamba maziwa ni mali ya jumba, kwa kuwa yametoka kwenye mali ya jumba, na hakuna ruhusa kuyatoa nje. Bakuli likawekwa chini ya gauni. Kuyamwaga kwenye sinki ikawa kazi ya Umuhoza. Aliomba basi apewe nafasi ya kukamua yake, hayo machache yaliyobaki. Leonardi alisema, kwa huruma ya kweli, kwamba breki ni ya kula.

Cyubahiro amekonda tena. Nyiramahirwe anamshuku mkamwana wake kwamba anayanywa maziwa ndani ya basi. Na saa tano ikifika, gauni linajaza bakuli. Umuhoza hulibeba kwa mikono miwili hadi kwenye sinki. Hufungua bomba kwanza, asiyasikie yakianguka.