Gari Lililonukia Harusi

Mimi Ishaka sipendi mteja anayeniletea gari pamoja na jina la ugonjwa wake. Niambie linafanya nini, ugonjwa niachie mwenyewe. Kwa hiyo Mikdad alipoingia gerejini kwangu hapa Dunda na kusema, "Fundi, nadhani pampu ya mafuta imekufa," nilimwambia basi akaizike, mimi nina kazi.

Mama yake alikuwa amekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Akacheka, nami nikaona haya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mie Bi Shufaa. Msamehe huyu, hajalala vizuri tangu juzi."

Ndipo Mikdad akaeleza sawasawa. Anaishi Mapinga na mama yake, kazi yake iko Tegeta, na kila asubuhi lazima aingie barabara kuu. Akikanyaga mafuta, gari linazubaa kwanza, ndipo linachanganya mwendo. Mwanzoni walikuwa wakilicheka. Juzi aliingia barabarani na mama yake, akijua ana nafasi ya kutosha, gari likazubaa katikati, na lori la mchanga likawapita kwa nyuma, karibu sana, hata mama akapiga shahada. Fundi wa kwanza alikuwa amebadilisha plagi. Wa pili, pampu.

"Baba yake barabara hiyohiyo ndiyo iliyomchukua," Bi Shufaa akasema. "Sina mtoto mwingine. Ukiona huliwezi, niambie ukweli, nimzuie asiliendeshe."

Nikamwambia bado sijashindwa. Adhana ya adhuhuri ikasikika, Mikdad akaenda msikitini, na mama akahamia kwenye benchi langu la kivulini.

Nikalipima gari kwa mashine. Ikaniambia hesabu ya hewa haiko sawa. Kwenye bomba la kuvutia hewa kuna kidude chenye waya mwembamba kama unywele. Hicho ndicho kinachoiarifu injini hewa imeingia kiasi gani, ili ipate mafuta ya kutosha. Kikiziba, injini haijui inywe kiasi gani, inasitasita. Basi nikafungua boksi la chujio la hewa.

Miaka ishirini na mbili nafungua magari ya watu. Yananuka oili, petroli, na mara moja panya aliyefia safarini. Hili lilinukia harusi. Chujio lilikuwa jeusi na linanata vidoleni, na ule waya ulikuwa umevaa utando wa kahawia.

"Nani anachoma ubani kwenye gari hili?" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Bi Shufaa akainuka. "Ni mie. Kila Ijumaa asubuhi, Mikdad akishawasha gari lipate moto, nafungua boneti, nazungusha chetezo juu ya injini na kusoma Ayatul Kursiy. Kumkinga na ajali, na macho ya watu. Na lilipoanza kusumbua nikaongeza. Siku hizi nafukiza kila siku."

"Makaa ya moto, mama! Juu ya injini inayounguruma! Na moshi wote unavutwa humu ndani. Hebu ona!"

Nimezaliwa na ulimi mkali. Akalichukua lile chujio, akalinusa, akajua. Mkono ukampanda mdomoni.

"Kumbe ni mie," akasema polepole. "Kila nikizidisha dua, nazidisha ugonjwa. Nilikuwa namuua mwanangu kwa mkono wangu."

Nilitamani niumeze huo ulimi. Nikafanya ninalolijua. Nikakichomoa kile kidude, nikakipulizia dawa mpaka waya ukang'aa, kisha nikamwomba anishikie kikiwa kinakauka, asiguse waya. Akakipokea kama mtu aliyepewa yai.

Mikdad aliporudi alimkuta mama yake kakishika vile, macho yamelowa. Mama hakungoja kuulizwa, akamweleza yote mwenyewe. Mikdad akachuchumaa mbele yake.

"Mama, na mie si nilikuwepo? Unakumbuka ulivyokuwa ukisema, 'Tazama, linaupokea moshi'? Mie ndiye niliyekuwa nikikanyaga mafuta kidogo, liuvute. Nilikuwa nikikuona unavyofurahi."

Bi Shufaa akamtazama. "Wewe?"

"Kila siku, mama."

Akampiga kofi dogo begani, kisha akamvutia kichwa kifuani kwake. Nami nikageuka nikajifanya natafuta spana. Nimeona magari yakiharibiwa na uzembe, ubahili na pombe. Kwa mapenzi, hilo lilikuwa la kwanza.

Nikaweka chujio jipya, nikakirudisha kile kidude mahali pake, tukaenda kulijaribu barabarani, njia ya Mlingotini. Mikdad akakanyaga mafuta, gari likaitika palepale. Bi Shufaa alikuwa nyuma, ameng'ang'ania kiti changu. Mara ya tatu Mikdad alipokanyaga, nikasikia mama amekiachia. "Alhamdulillahi," akasema.

"Usiache kufukiza, mama," nikamwambia tuliporudi. "Fukiza nguo zake, mfukizie na yeye mwenyewe. Gari niachie mimi."

"Na wewe, mwanangu, nani anakufukizia?"

Nikamwambia mama yangu ametangulia mbele ya haki, huu mwaka wa nne. Nikaongeza kwamba nina magari mawili yananingoja, nikaingia chini ya mojawapo.

Ijumaa iliyofuata, saa mbili asubuhi, lile gari likasimama mlangoni bila kusita. Bi Shufaa akashuka na chetezo chake, akaomba makaa kwa muuza chai wa jirani.

"Zimeni injini zote," akatuamuru. "Na wewe Ishaka njoo huku, mbali na petroli zako."

Katika gereji ile mimi ndiye ninayeamuru. Nikazima. Akanisimamisha uani, akanifungua vifungo vya ovaroli kama mtoto anayeandaliwa kwenda chuoni kusoma Kurani, akaupitisha moshi kwapani, mgongoni, kichwani, akisoma kwa sauti ya chini. Aliponitaja kwa jina langu na la mama yangu, ambalo sijui alimuuliza nani, nililia mbele ya mafundi wangu wote, wala sikusingizia moshi.