Aliyefungua Ndiye Afunge

Kwenye ile karakana ya nyuma ya nyumba kulikuwa na sheria moja tu, na hata kuku wa jirani walikuwa wanaijua: aliyefungua ndiye afunge. Ukilegeza bolti, utaikaza wewe. Ukitoa kifuniko, utakirudisha wewe, hata kama umeitwa kula, hata kama nyumba inaungua. Sheria hiyo ilizaliwa enzi za marehemu baba yao, siku alipofungua gurudumu akamwachia mwenzake alifunge, mwenzake naye akadhani limeshafungwa. Wakiwa barabarani baba akaona gurudumu linampita upande wa kulia, akasema, "Tazama, kuna mtu kapoteza gurudumu." Tangu siku hiyo hakuna aliyemfungia mwenziwe hata kizibo cha chupa.

Sasa karakana ilikuwa ya watoto wake wawili. Mkubwa, mwanamume, wateja walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Mdogo wake wa kike walimwita Cheche, na sababu haina haja ya kuelezwa kwa mtu aliyewahi kumchelewesha. Kaka ndiye aliyemfundisha dada kazi, kuanzia namna ya kushika spana. Cheche alimpenda kaka yake kupita alivyokuwa tayari kukiri mbele za watu.

Na siku hizo alikuwa na jambo limemkaa kooni. Mkono wa kulia wa kaka yake ulikuwa unatetemeka.

Alianza kuona Taratibu anafanya kazi kaupa ulimwengu mgongo. Kisha akasikia skrubu zinaanguka sakafuni, moja baada ya nyingine, na kaka anaziokota kimya kimya, ilhali ni mtu ambaye zamani skrubu moja ikimponyoka aliitukania ukoo mzima. Akiwa hana kazi, mkono aliutia mfukoni. Cheche akaona heri amuulize wifi yake, mke wa Taratibu, walipokuwa wakianika nguo.

"Wifi, kaka ana nini?"

Wifi akatoa kibanio mdomoni. "Umeshaona, eeh? Vifungo vya shati namfunga mimi siku nyingi sasa. Hospitali tumekwenda. Wamempa dawa, wakamwambia ugonjwa huu hauponi, ila hautamuua. Lakini usimwambie kama unajua. Kaniapisha."

"Mpaka lini sasa, wifi?"

"Wewe si unamjua? Bila karakana atakaa kibarazani anakosoa ninavyofagia. Kama huzuni haikumuua, nitammalizia mimi." Wakacheka, ingawa utani wenyewe ulikuwa na ukweli mwingi ndani yake.

Gari lililokuwa karakanani lilikuwa la daktari wa meno, mama mmoja mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Lilikuwa gari la spoti la zamani, viti viwili, halina paa, jekundu lililopauka, na kwa umri lilimzidi mwenyewe. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa.

"Likiruka tuta moja, linaendelea kuruka mpaka nifike nyumbani," alilalamika alipolileta. "Nitang'oka meno, na nani atanitibu mimi?"

Shokapu za siku hizi zikifa zinatupwa. Za gari hili zilikuwa za kale: boksi zito la chuma lililojaa oili, na ubavuni limetoka fimbo ya chuma ambayo mafundi huiita leva. Gurudumu likipanda, leva hupanda nalo, na oili ndani hulazimika kupenya kwenye tundu dogo la valvu kwa taabu, ndipo mruko unapokufa. Oili ikivuja, hakuna tena cha kuuzuia mruko. Kazi ni kuifungua shokapu, kuisafisha, kutia sili mpya ya kuzuia oili isivuje, kuijaza oili, na kupampu leva mpaka hewa yote itoke.

Wakalinyanyua gari kwa jeki, wakalikalisha kwenye stendi, wakatoa magurudumu ya nyuma. Cheche akafungua shokapu ya kulia, Taratibu ya kushoto. Kwa sheria ya nyumba, kila mmoja akawa na mzigo wake.

Cheche alimaliza yake mapema, akajidai kupanga spana ili apate kuchungulia. Kaka alikuwa kainamia jiliwa, kile chuma cha kubania kazi mezani, kageuza mgongo, anahangaika kuisukuma sili ipite kwenye shafti. Sili ile ni mpira laini, mdomo wake mwembamba kama ukucha, na ukienda upande kidogo tu unachanika. Cheche alitamani kumwambia nipe nikushikie. Badala yake akaendelea kupanga spana. Jioni Taratibu akatangaza kwamba yake pia iko tayari, akanawa mikono, akaondoka bila kumtazama mtu.

Asubuhi shokapu ya kushoto ilikuwa imekaa juu ya meza katika kidimbwi cha oili.

Taratibu alikiona. Akakifuta kwa tambara, akasema, "Nitaiangalia baadaye," na mpaka mchana hakuigusa. Alipoingia ndani kula, Cheche alisimama mbele ya ile shokapu, akachungulia mlangoni kama mwizi. Kama kaka angeifungua tena na ikavuja tena, angejiona hana kazi duniani. Kama ingerudi garini ikivuja, daktari angejua, na mji mzima ungejua. Akaona bora avunje sheria kuliko kuvunja mtu. Akaibana kwenye jiliwa, akaifungua.

Ndani alikuta alichokiogopa. Mdomo wa sili umechanika, na kiringi cha valvu kimekaa upande. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza asingekiacha vile, nacho kilifungwa na mtu aliyemfundisha yeye kazi. Cheche alitia sili nyingine, akakilaza kiringi vizuri, akajaza oili, akapampu leva mpaka ikawa inashuka kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho. Akaifuta, kisha akaipaka vumbi kidogo ili isionekane imeguswa, akairudisha mezani palepale.

Taratibu aliporudi, alikwenda moja kwa moja mezani. Akaigusa leva kwa mkono wa kushoto. Akaisukuma mara moja, akaiachia.

"Nani kaifungua hii?"

"Kwani ina nini?"

"Nimeiacha ina hewa. Leva ilikuwa inapwaya mwanzoni ndipo inashika. Hewa haitoki kwa kuombewa, Cheche."

Cheche alifungua mdomo aseme uongo, akaona uso wa kaka yake, akaufunga. "Mimi."

"Umefungua kazi yangu." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Cheche zaidi. "Baba angekwambia nini?"

"Angeniambia nimekosa. Haya, nimekosa. Ningekuomba ungekubali?"

"Ningekataa."

"Sasa!" Cheche akalipuka. "Unadhani mimi kipofu? Nasikia kila skrubu inayodondoka! Nalala naziota skrubu zako! Unanificha mimi? Mimi niliyeshikishwa spana na wewe, ukanipiga kofi la mkononi kwa kuishika vibaya?"

Taratibu akakaa kwenye kigoda. Kisha akautoa mkono mfukoni akauweka gotini, nao ukawa unatikisika pale mbele ya dada yake.

"Nilikuwa naiogopa hii siku," alisema. "Nilijua ukishajua, utaanza kuniambia kaa, pumzika, mimi nitafanya. Halafu nitakuwa mzee wa kuulizwa kama amekula."

"Umekula?" aliuliza Cheche, machozi yanamlengalenga.

Taratibu alicheka bila kutaka. Akainuka, akaisogelea shokapu, na safari hii akaishika leva kwa mkono ule ule mgonjwa. Akasukuma. Leva ikashuka pole pole, oili inapita kwenye tundu lake, na mkono ulioishika ukashuka nayo ukiwa umetulia tuli. Cheche aliona. Kaka naye aliona. Alipoiachia, mtetemo ukarudi. Akairudia, kushuka na kupanda, kushuka na kupanda, zaidi ya ilivyohitaji kupimwa.

"Iko sawa," alisema mwishowe, akasogea akaijaribu na ya kulia. "Lakini ile ya kwako ya kulia ni laini kuliko hii. Ukizifunga hivyo gari litalalia upande kwenye kona. Kaza springi ya valvu, kidogo tu."

Cheche akaenda kuipima. Ilikuwa kweli. Yeye na mikono yake mizima hakuwa ameihisi tofauti hiyo. Akaifungua tena, akaikaza springi, na kaka akawa anajaribu leva na kusema bado, bado kidogo, hapo hapo.

Jioni daktari wa meno alilichukua gari, akazunguka nalo mtaa mzima, akarudi anacheka.

"Sasa limekuwa gari!" alisema akishuka. "Haya, kazi ya leo nani kafungua?" Wateja wa zamani wote waliuliza hivyo, kwa kuwa pale aliyefungua ndiye aliyeshukuriwa au kulaumiwa.

Cheche aliinama chini, akajifanya anatafuta kitu.

"Ya kulia kafungua yeye, kafunga yeye," Taratibu akajibu. "Ya kushoto nimefungua mimi." Akamgeukia Cheche. "Kafunga yeye."

Kicheko cha daktari kikakatika. Sheria ya pale aliijua miaka mingi. Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo, alilishika beseni kwa nguvu.

"Kulikoni?" daktari aliuliza.

Taratibu akaunyosha mkono mbele yake, hadharani, ukatetemeka wote wakiuona. "Ndiyo hii sababu. Hautapona."

Daktari aliutazama, na yeye ni mtu anayejipatia riziki kwa mikono yake, akaelewa gharama ya maneno yale. Akaupokea kwa mikono yote miwili kama anavyosalimiwa mtu mkubwa.

"Na nani kazipima mwishoni, akasema kazi imekamilika?"

"Mimi."

"Basi ndicho nilichotaka kujua," alisema, akaingia garini.

Cheche akazunguka nyuma ya nyumba, akalia mpaka wifi yake akamfuata na khanga ya kujifutia, naye analia vilevile.